Mashine Inavuta kutoka Chini

Fundi aliyeleta mashine hakuwa mtu wa kukaa. Aliichana katoni kwa kisu, akaitua mashine juu ya meza ndefu ya stoo ya dawa, akachomeka waya ukutani, na kabla karani wa barua hajamaliza kusogeza kalamu zake kando, mkanda mweusi ulikuwa umeshaanza kuzunguka.

"Kazi yake ni rahisi kuliko kuchemsha maji," alisema fundi. "Hapa mnapanga bahasha. Hapa zinatokea. Majina yamo ndani ya kompyuta, la kwanza mpaka la mwisho, na yatachapwa kwa mfuatano huohuo. Nyinyi mtazame tu."

Karani aliinama akachungulia mdomo wa mashine. Kwa miaka mingi anwani zote za hospitali ile ziliandikwa kwa mkono wake. Wagonjwa wa mbali, wale wasioweza kusafiri kila mwezi, na wachache wa mjini wenye masanduku ya posta, walitumiwa dawa zao kwa posta, na kila bahasha ilifika mezani kwake ikiwa imebanwa pini yenye kikaratasi cha jina. Alikuwa akisoma kikaratasi, akiandika anwani, akichomoa pini, basi. Tangu aanze kazi hiyo, hakuna mtu aliyewahi kupata dawa ya mwenzake.

"Na hivi vikaratasi?" aliuliza.

"Toa. Pini moja ikipita kwenye mkanda huu mmeua mashine, na mimi nitakuwa safarini. Pangeni bahasha kwa mfuatano wa majina, inatosha."

Mama Pacha alicheka pale kwenye kona yake ya kufungia dawa. Alikuwa mke wa kaka yake karani, na kazi yake ilikuwa kutia vidonge kwenye kadi za matundu, tundu moja kwa kila siku ya mwezi, kuzifunika kwa karatasi, na kuziba bahasha. Ndani ya bahasha hapakuwa na jina. Wakubwa walitaka hivyo, ili ugonjwa wa mtu usisomwe na kila mpita njia.

"Wifi, leo mwandiko wako umepata mke mwenza," alisema.

"Mke mwenza akishindwa kupika, mtarudi kwangu mkilia," karani alijibu.

Walijaribu kwa bahasha tupu. Mashine ilizinyonya moja moja, ikazipitisha chini ya wino, ikazitema upande wa pili zikiwa na anwani nyeusi, zilizonyooka kama zimepigiwa rula. Mfamasia mkuu aliitwa aje kuona. Watu walimwita Bwana Muhuri, kwa sababu hata ruhusa ya kwenda kunywa chai aliigongea muhuri, nao muhuri wenyewe haukutoka mfukoni mwake. Aliinua bahasha moja akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ndiyo ofisi sasa," alisema. Fundi akapata muhuri wake, akaenda zake.

Mchana huohuo walianza kazi yenyewe. Bahasha zenye kadi zilikuwa nene kuliko zile tupu, ikabidi karani azungushe kifundo cha pembeni mpaka mdomo ukaachama kiasi cha kutosha. Mama Pacha alichomoa pini zote, akapanga bahasha kwa uangalifu mkubwa, wa kwanza juu, wa mwisho chini, akaangalia majina mara mbili kabla ya kutupa kila kikaratasi. Karani akazipakia kama zilivyo. Mashine ikala, ikachapa, haikukwama hata mara moja. Kabla ya jioni mfuko wa posta ulikuwa umefungwa na gari limeuchukua.

Bahasha moja tu haikwenda. Mama yake karani alikuwa wa pili kwenye orodha, na kwa desturi ya pale, mfanyakazi mwenye mtu wake humbebea mwenyewe. Karani aliitia mkobani.

*

Asubuhi iliyofuata, saa ya chai, alipita nyumba ya kaka yake nyuma ya ukuta wa hospitali, ambako mama yao aliishi. Macho ya bibi yule yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake hayakukosa kitu. Alipokea bahasha, akaisogeza sikioni na kuitikisa.

"Hii siyo yangu."

"Mama, jina lako hili hapa, limechapwa na mashine mpya."

"Jina sijalikataa. Nasema dawa siyo yangu." Aliitikisa tena. "Dawa yangu hulia. Vidonge vyangu vidogo, vinacheza humo ndani kama njuga. Hii imenyamaza kama bibi harusi. Umeniletea ya nani?"

Karani alichana bahasha huku akitabasamu, tayari kumtania mama yake. Kadi ilipotoka, tabasamu lilikauka. Matundu yote yalijaa vidonge vikubwa vyeupe, vilivyobana kabisa. Mama yake hutumia vidonge vidogo vya kushusha sukari. Hivi vilikuwa vya maumivu ya viungo.

"Usiguse hii," alisema, akiirudisha kadi ndani ya bahasha.

"Niiguse ya nini? Nimeshakwambia siyo yangu."

Karani alirudi stoo akikimbia, viatu mkononi. Mama Pacha alimwona akiingia.

"Wifi! Mama mkwe wangu amekufukuza au—" Akaona uso wake, akaacha.

Karani aliweka kadi mezani. Mama Pacha aliitazama, akaitazama bahasha na jina lililokuwa juu yake.

"Haiwezekani. Mimi mwenyewe nilimfungia mama vidogo. Niliiweka ya pili kutoka juu, kwa mkono wangu huu."

"Ya pili kutoka juu," karani alirudia.

Alichukua rundo la bahasha tupu, akachora msalaba wa penseli kwenye ile ya juu kabisa, akazipanga kwenye mashine na kubonyeza kitufe. Mkanda ukazunguka. Bahasha ya kwanza ilitoka safi. Ya pili safi. Zikafuatana, zote safi, na wale wanawake wawili wakazitazama kama watu wanaongojea jina lisomwe mahakamani. Rundo likapungua, likapungua. Bahasha ya mwisho ikapita chini ya wino, ikateleza mbele yao. Ilikuwa na msalaba.

"Inavuta kutoka chini," alisema karani.

Mama Pacha aliketi juu ya boksi la pamba. Jana walipojaribu, bahasha zilikuwa tupu, na bahasha tupu haina mwenyewe. Nani angejua? Zile za kweli zilipopita, bahasha ya chini kabisa, iliyokuwa ya mtu wa mwisho, ndiyo iliyopewa jina la mtu wa kwanza. Na hivyo hivyo mpaka zikaisha.

Bwana Muhuri aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo katika mfuko mzima kuna mmoja tu wa katikati aliyepata dawa yake."

Hakuna aliyecheka, wala hakuwa amekusudia wacheke.

"Bahasha zangu za mbali zinaondoka leo mchana," karani alisema. "Gari la posta la bara bado liko uani kwao. Hizo tunaweza kuziwahi. Lakini watu wa mjini hapa wenye masanduku huwekewa tangu asubuhi." Alikuwa ameshafungua orodha kwenye kompyuta, kidole kinateremka. "Mama ni wa pili kutoka mwanzo. Dawa yake iko kwa wa pili kutoka mwisho."

Kidole kilisimama kwenye jina, na wote watatu walilijua. Alikuwa fundi saa wa kwenye ngazi za benki ya zamani, mzee mwembamba kama fito, aliyekuwa akitibu saa za mji mzima. Alikuwa na sanduku la posta, hapo hapo mjini.

"Ana sukari?" aliuliza karani.

"Hana," Mama Pacha alijibu. "Ana viungo tu. Mzee wa umri ule, asiyekula vizuri, akimeza dawa ya kushusha sukari na sukari yenyewe haijapanda…" Alikuwa ameshainuka.

Karani alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile.

"Tuandike kwanza taarifa," alisema Bwana Muhuri, akitafuta kalamu.

"Andika garini, bwana mkubwa," karani alimwambia, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumwomba ruhusa ya kutoka.

*

Walibanana watatu mbele kwenye gari la hospitali, dereva wa nne. Bwana Muhuri aliandika gotini, herufi zikirukaruka kwa kila shimo la barabara. Karani alishika simu sikioni. Inaita. Inaita.

"Ungeniuliza kabla ya kupakia," alisema Mama Pacha polepole, akitazama nje.

"Nikuulize nini?"

"Kama juu ni juu."

"Wewe ndiye uliyepanga."

"Na wewe ndiye uliyetazama. Si ndiyo kazi tuliyoachiwa, kutazama?"

"Basi, jamani," alisema dereva. "Mtagombana mkishafika."

Simu ikakatika yenyewe.

Posta palikuwa na foleni. Karani aliipita yote mpaka kwenye nondo za dirisha, watu wakimnung'unikia mgongoni. Karani wa posta alimsikiliza bila kuinua uso.

"Mfuko ukishapigwa lakiri si wenu tena, dada. Ni mali ya walioandikiwa."

"Walioandikiwa watameza dawa zisizo zao."

"Nimekusikia. Na mimi nitasimamishwa kazi. Nileteeni barua ya mkuu wenu, yenye saini na muhuri."

Mkono wa Bwana Muhuri ukapita juu ya bega la karani. Karatasi ilikuwa imekunjika na mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyepita kwenye majivu. Akaiweka kwenye ukingo wa dirisha, akatoa muhuri mfukoni, akauhemea, akagonga. Ule mlio uliitikiwa na ukumbi mzima.

Karani wa posta akainua uso sasa. Akasoma, akatoka kwa mlango wa nyuma mbio, na wakamsikia akimpigia kelele dereva wa gari la bara azime injini. Mfuko ulirudi ukiburutwa. Kisha akaenda kwenye masanduku ya mjini na kurudi na bahasha mkononi, chache, akisoma majina moja moja. Karani aliyafuata kwa macho.

"La fundi saa tu halimo," alisema.

"Fundi saa?" Karani wa posta alitikisa kichwa. "Huyo ndiye wa kwanza kila siku. Tulipofungua mlango alikuwa ameshasimama hapo nje. Kachukua yake, kaondoka."

Karani hakungoja Bwana Muhuri asaini kupokea mfuko. Alimshika wifi yake mkono na wakatoka.

*

Ngazi za benki ya zamani hazikuwa mbali, lakini soko lilikuwa katikati, na sokoni hakuna anayempisha mwanamke anayekimbia. Mkokoteni wa viazi uliwazuia. Mtu akawauliza kama wameibiwa. Mama Pacha, mnene na mfupi wa pumzi, alikuwa akihema kama mvukuto, ila hakuachia mkono.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa cha kioo, hakizidi upana wa kabati. Saa za ukutani zilijaa pande zote, kila moja ikihesabu kivyake. Yeye mwenyewe aliketi katikati, lenzi imebanwa jichoni, saa ya mkononi iliyofunguliwa tumbo iko mbele yake. Simu yake ilikuwa chini ya gazeti. Kwa kibano alishika skurubu ndogo kama mbegu ya ufuta, na kibano kilikuwa kikitetemeka.

"Msinizibie mwanga," alisema bila kugeuka.

"Shikamoo, mzee," karani alisema. "Tumetoka hospitali. Dawa uliyochukua leo, umeshaimeza?"

"Marahaba. Nimeimeza, ndiyo, na nina neno na nyinyi." Aliitoa lenzi. Jicho lilikuwa limelowa jasho, na jasho lilikuwa likimshuka mpaka kwenye kola, ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. "Mmepunguza dawa. Zamani kidonge kilikuwa kidonge, kinajaza koo. Leo mmeniletea punje. Mnadhani mtu hajui kupima? Mimi ninapima vitu maisha yangu yote. Nikachukua kile cha zamani kilichobaki, nikaweka punje pembeni, nikaona tatu ndizo zinalingana nacho. Nikameza tatu."

Mama Pacha alifunga macho.

"Tatu," alisema. "Saa ngapi? Ulikula nini?"

"Nile nini? Nilikunywa chai nikaja kazini."

"Chai ya sukari?"

"Chai kavu. Sukari ni ya watoto."

"Kaa naye," Mama Pacha alimwambia karani, akatoka kwa kasi ambayo karani hakuwahi kuiona kwake tangu siku ya harusi ya kaka yake.

Karani alipiga magoti kati ya meza na ukuta. Kadi ya mama yake ilikuwa pale karibu na taa, matundu matatu yamepasuliwa. Alimweleza mzee taratibu kwamba bahasha zilibadilika, kwamba dawa ile ilikuwa ya mtu mwingine, kwamba atapewa kitu kitamu anywe halafu waende hospitali.

"Siwezi kwenda. Hii saa ni ya padri, anakuja kuichukua." Alitafuta tundu la skurubu. Kibano kikagonga kioo, kikagonga tena, skurubu ikaruka ikapotea. Mzee alitazama ilikorukia, kisha akamtazama karani, na machoni mwake palikuwa na kitu kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. "Wewe ni nani? Umefunga mlango? Mama yako amefunga mlango?"

"Nimefunga, baba."

"Saa zinakwenda mbio. Wazisimamishe."

Kichwa kikaanza kumwinamia kifuani. Karani akakishika kwa mikono miwili. Ngozi ilikuwa ya baridi na mbichi. Saa zile zote zilipiga na kupiga, na yeye akawa anatazama mlangoni, huku akisema maneno yaleyale, usilale baba, usilale, wifi anakuja sasa hivi, usilale. Alihisi kwamba macho yale yakifumba yatakuwa yamefumbwa na mkono wake, mkono uliopakia zile bahasha.

Mama Pacha aliingia na kikombe cha muuza chai wa jirani, nusu sukari nusu maji ya vuguvugu, akikikoroga kwa kalamu.

"Anameza?"

"Sijui. Baba, kunywa."

Meno yalikuwa yameumana. Kidogo kilimwagika kidevuni.

"Sukari ni ya watoto," mzee alinong'ona.

"Basi leo uwe mtoto wangu," alisema Mama Pacha. "Nina wanne nyumbani, wa tano hanishindi. Fungua mdomo!" Alisema kwa sauti ile ile anayowatishia pacha wake, na mdomo wa mzee, kwa mazoea ya zamani kuliko kichwa chake, ukafunguka.

Akameza. Akakohoa, akameza tena. Wakampa kidogo kidogo, mmoja ameshika kichwa, mwingine kikombe, mpaka kikombe kikaonyesha kitako. Mama Pacha akatia sukari nyingine kwenye kidole chake na kumpaka ndani ya shavu. Halafu hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Dereva alifika na kusimama nje ya kioo, kofia mkononi.

Karani alikuwa akiutazama mkono wa mzee mezani. Vidole vilitetemeka vyote, kisha ikawa vitatu, kisha kimoja tu, kidole gumba, kama kamani, springi ya saa, inayoelekea kuishiwa nguvu. Kisha kikatulia.

Mzee aliinua kichwa. Akautazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu.

"Nani amemwaga sukari kwenye meza yangu ya kazi?" aliuliza.

Mama Pacha alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati, akajifuta kwa kanga.

"Twende, baba," karani alisema. "Inaweza kushuka tena. Utalala kwetu leo, wakuangalie mpaka kesho."

"Skurubu ya padri kwanza."

"Baba!"

"Sitoki na saa ya mtu iko wazi."

Dereva ndiye aliyeiona, imeng'ang'ania kwenye gazeti. Fundi saa aliibana, akavaa lenzi, akainama. Skurubu ilishuka tunduni bila kugusa ukingo, akaikaza mara moja, akafunika saa, akainuka, akawapa mkono mmoja mmoja ili wamshike.

*

Sukari ilishuka tena mara mbili usiku ule, na mara zote mbili alikuwa mikononi mwa wauguzi. Stoo nako taa hazikuzimwa. Bahasha zote zilifunguliwa, zikafungwa upya, na kila moja ikapata pini na kikaratasi chake. Karani aliandika kwa mkono. Bwana Muhuri mwenyewe alichomoa pini akiziweka kwenye sahani, na hakuna aliyethubutu kumtania. Juu ya mdomo wa mashine kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye maneno ya karani na muhuri mkubwa chini: INAVUTA KUTOKA CHINI.

Asubuhi karani alipanda wodini na kadi yenye vidonge vikubwa. Fundi saa alikuwa ameketi kitandani, akigombana na muuguzi kwamba saa ya ukutani ya wodi inachelewa.

"Umeniletea yangu?" aliuliza.

"Yako, baba. Na mama yangu anakusalimu. Anasema umemlia vidonge vitatu."

"Mwambie aniletee saa yake niitazame, tutapatana." Alipokea kadi, akaisogeza sikioni na kuitikisa, akasikiliza kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Hailii," alisema.

"Hailii," karani alimjibu. "Ndiyo yenyewe."

Akampa maji, akasimama pale mpaka alipoona kidonge kimoja kimeshuka.